Kushusha Datsun 240Z kwa barabara za Malindi: kukata springi, springi fupi au koilova?

KijanaWaMaweni
Salaam aleikum wakubwa. Ami yangu ameniachia Datsun 240Z ya 1972. Injini ni ile ile yake, L24 ya sisi 2,393, na breki nishazifanya. Kinachonisumbua ni kimo. Nimepima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi: mbele milimita 370, nyuma 380, na tairi ni saizi yake ya asili, 175 kwa rimu ya 14. Yaani ngumi inapita na nafasi inabaki. Njia zangu ni mjini, Casuarina, Watamu wikendi, na Mombasa mara moja kwa mwezi. Wengine wananambia nikate springi, wengine ninunue springi fupi, wengine nitie koilova, zile za pete za kupandisha na kushusha. Naipenda sana gari hii, sitaki niiharibu mikononi mwangu. Nisaidieni.

BodiNaRangi
Kata mzunguko mmoja kila springi, saa tatu umemaliza. Nilifanya kwenye Corolla yangu na bado inakwenda. Hela iliyobaki tia rangi.

MzeeWaGereji
Mwanangu, waleikum salaam. Hiyo gari usiiguse kwa grainda kabla hujanisikiliza.

Springi haipungui urefu tu ukiikata, inaongezeka ugumu. Yenye mizunguko minane inayofanya kazi ukiitoa mmoja, ugumu unapanda kama asilimia 14. Shokapu yako iliwekwa kwa springi laini, haitaweza kuituliza hii ngumu, kwa hivyo gari itaruka baada ya kila tuta. Fundi akikata kwa gesi ndiyo mbaya zaidi, maana moto unalegeza chuma pale pale kilipochomwa. Na siku utakayoipiga jeki, springi fupi kupita kiasi inaachia kiti chake. Ukiishusha inakaa upande, ukisikia mlio ujue ndiyo hiyo.

Jambo la pili ambalo vijana hawaliangalii: 240Z ina strati mbele na nyuma, yaani nguzo inayobeba shokapu na springi pamoja. Ukiishusha, mkono wa chini, ule chuma unaounganisha chini ya strati na bodi, unaolala karibu sawa unaanza kupanda kuelekea kwenye tairi. Hapo gari inayumba zaidi kwenye kona, hata kama iko chini. Tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi ukizungusha usukani, nayo inabadilisha pembe, ukipita shimo tairi zinageuka zenyewe na usukani unakuvuta. Dawa yake ni vipande vya chuma vya milimita 15 hadi 20 vinavyotiwa chini ya strati, baina yake na mkono wa usukani. Vinarudisha pembe mahali pake. Usishushe hata sentimita tatu bila kuviulizia.

Halafu kumbuka gari hii ilipata jina lake kwetu hapa. Herrmann alishinda Safari Rally na 240Z mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda 1973, na hazikuwa zimelalia lami. Zilihitaji nafasi ya springi kufanya kazi. Yako pia inaihitaji, ukishapita matuta ya Msabaha na Gede utaniambia.

MwanaMokowe
Nazungumzia koilova, maana nilizitia mimi. Naishi Lamu kisiwani, gari inalala ng'ambo Mokowe karibu na maji. Miezi minane tu, pete za aluminiamu zikashikana na nyuzi za bomba, hazipandi wala hazishuki. Nikalipia marekebisho ambayo siwezi kuyatumia. Kwa 240Z tena, zilizo nyingi zinataka bomba la strati likatwe na kuchomelewa upya, na hapo huna njia ya kurudi kwenye asili. Kama gari inalala ndani, na utaziosha kwa maji yasiyo na chumvi na kuzipaka grisi kila mwezi, ni nzuri: unaweka kimo utakacho kila kona. Kwa pwani hii mimi sizirudii.

DadaWaGede
Yangu ni 240Z ya 1973, imeshushwa milimita 30 kwa springi fupi na shokapu mpya za katriji, zile zinazoingia nzima ndani ya bomba la strati. Mwaka wa pili sasa. Kwa matuta napita pole pole kwa pembe, eksoza haijagusa. Makosa yangu yalikuwa kufunga bolti za bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya mikono, gari ikiwa hewani. Mpira ukajipinda ilipotua, ukapasuka mapema. Ishushe chini kwanza, itikise, ndipo ukaze. Na ukiingiza katriji, mimina mafuta kidogo ya injini ndani ya bomba. Yanapeleka joto nje, na joto la huku mnalijua. Baada ya hapo pimisha alaimenti, na taa za mbele pia zirekebishe.

MwanaWatamu
Msimfananishe na sisi wa Porsche 911 za zamani. Kwetu hakuna springi ya mizunguko, ni fimbo ya chuma inayopindwa. Mbele unazungusha skrubu, nyuma unatoa fimbo na kuhesabu meno: 40 upande wa ndani, 44 wa nje. Ukisogeza jino moja huku na jino moja kule kinyume, tofauti ni chini ya digrii moja. Kazi ya subira, lakini hununui kitu. Yake haiko hivyo, afuate maneno ya dada.

KijanaWaMaweni
Shukran sana. Mzee, na nyuma je? Nimeona tairi zitalalia ndani nikiishusha.

MzeeWaGereji
Zitalalia, na kiwandani hawakuweka mahali pa kurekebisha. Kwa milimita 25 hadi 30 si tatizo, tairi italika kidogo upande wa ndani, izungushe mapema. Ukitaka kupita hapo, tafuta bushi zenye tundu la pembeni. Kikwazo chako kikubwa nyuma ni zile pini ndefu za mkono wa chini. Hewa ya chumvi inazishika kama zimechomelewa. Watu wamevunja mikono ya gari kwa kuzipiga nyundo.

KijanaWaMaweni
Basi nimeamua: springi fupi za milimita 30, katriji mpya, na vile vipande vya mbele. Kukata hapana, koilova hapana. Pini nimezipulizia mafuta ya kutu jana usiku, na nitazipulizia kila jioni mpaka Jumamosi.

MzeeWaGereji
Vizuri. Toa kwanza kile kipini kidogo cha kufunga kilicho katikati ya pini. Wengi wanakisahau. Jumamosi nitapita Maweni baada ya adhuhuri, usianze kugonga kabla sijafika.