Tupeane uzoefu: kurudi kwenye mazoezi baada ya upasuaji wa valvu ya moyo ukiwa na umri mkubwa

Mwalimu Mstaafu, Mbagala
Habari za asubuhi ndugu zangu. Nina miaka 67. Miezi saba iliyopita nilipasuliwa kifua hapa Dar, nikabadilishiwa valvu ya aota, ule mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini. Ya kwangu ilikuwa imekakamaa kwa chokaa, haifunguki vizuri, nikawa nikipanda ngazi mbili tatu naona giza. Nimewekewa iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa jogingi. Kila Jumamosi alfajiri, klabu yetu ya mtaani, fulana za rangi moja, nyimbo mwanzo mwisho. Niliporudi kutoka hospitali karatasi ilisema wazi kwamba nitembee kila siku, ila usiku wa kwanza tu mke wangu na wanangu walishaamua vingine. Nikinyanyuka, "Baba kaa." Nikienda uani, mjukuu ananifuata na kiti. Sikubishana nao, maana na mimi niliogopa. Miezi mitatu nimekaa, miguu ikawa kama ya mtoto. Kliniki daktari hakuniuliza habari za moyo kwanza, aliniuliza natembea dakika ngapi. Nikashindwa kumjibu.

Nikaanza na nguzo za umeme. Siku ya kwanza nguzo mbili, napumzika kwenye benchi la mama ntilie, narudi. Kila baada ya siku tatu naongeza moja. Sasa nafika nguzo ya 18 na kurudi bila kukaa. Kinachonisumbua ni hofu: moyo ukianza kudunda kwa nguvu nasimama palepale, nasikiliza. Waliopitia huku, mlifanyaje? Na je, jogingi nirudi?

Bibi wa Kibosho
Mwalimu, pole na hongera. Mimi nina 70, valvu yangu ya upande wa kushoto haikubadilishwa, ilirekebishwa. Hofu hiyo naijua. Kwangu ilipungua siku mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliponitembeza kwenye korido dakika sita huku akinipima, akanionyesha kwamba moyo ukidunda unafanya kazi yake, na nikipumzika unatulia wenyewe. Kuona kwa macho kulinisaidia kuliko kuambiwa.

Kwetu hakuna tambarare. Kosa langu lilikuwa kuanza matembezi kwa kuteremka kuelekea mtoni. Kuteremka kutamu, kurudi nikakaa njiani mara nne, mara ya mwisho kwenye mzizi wa mgomba wa jirani, natetemeka. Ukiishi mlimani anza kwa kupanda ukiwa na nguvu, kisha urudi kwa mteremko.

Jembe nililiacha hadi mfupa wa kidari ulipounga. Wiki 12 nilikatazwa kuinua kitu kinachozidi kilo 4 au 5, kwa hiyo hata ndoo ya maji hapana. Niliporuhusiwa nilianza na kupalilia kwa kijembe kidogo. Na usibane pumzi unapoinua kitu, toa hewa.

Baharia wa Unguja
Assalaam aleikum. Mimi nilipasuliwa India mwaka 2011, wakati huo wengi wetu tulipelekwa huko, kabla Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haijaanza mwaka 2015. Nilikuwa na miaka 58. Yangu ni ya chuma, usiku kukiwa kimya naisikia ikigonga. Nimeizoea, siku hizi inanibembeleza.

Ndugu zangu Waislamu, jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kusujudu. Ukiinuka unasukuma sakafu kwa mikono miwili, na huo mfupa bado haujashika. Wiki ya pili nilisikia kitu kimelia kifuani, nikalala hapohapo kwenye mswala. Nikaswali juu ya kiti hadi daktari aliponiruhusu. Vilevile kitandani: jigeuze ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo uinuke. Kwenye daladala usininginie bomba la juu.

Kubwa zaidi ni hili. Sisi wenye valvu ya chuma tunakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote. Nilipoanza mazoezi misuli iliniuma, nikaenda duka la dawa nikanunua diklofenak ya maumivu, nikameza siku nne. Siku ya tano choo kikawa cheusi kama lami. Nililazwa, nikaongezewa damu. Dawa hizo pamoja na warfarini ni hatari. Maumivu ya mazoezi muulize daktari wako kwanza. Mboga za majani sijaziacha, mchicha na kisamvu nakula, ila kwa kiasi kilekile kila wiki ili kipimo cha INR, kile cha kuganda kwa damu, kisiyumbe. Mpira wa kugongana niliacha. Kuogelea nilirudi mwezi wa tano, kidonda kimefunga kabisa, na ndiyo furaha yangu hadi leo.

Msomaji Tu
Mick Jagger, yule mwimbaji wa Rolling Stones, alibadilishiwa valvu ya aota mwaka 2019 akiwa na miaka 75, mwezi wa Aprili, na Juni alikuwa jukwaani anaruka. Mwalimu usiogope.

Mkenya wa Leicester
Huo mfano tuuweke vizuri. Yeye hakupasuliwa kifua, valvu ilipitishwa kwenye mshipa wa damu. Hakuna mfupa wa kusubiri uunge. Mwalimu asijipime naye hata kidogo.

Mimi nina miaka 64. Huku Uingereza baada ya upasuaji tulipewa madarasa ya mazoezi, wazee kama kumi ukumbini na muuguzi pembeni. Nilichobaki nacho ni haya mawili. Kupasha mwili moto dakika 15 nzima kabla ya kuanza, na kupoa polepole dakika 10, usikatishe ghafla kama unavyofanya Mwalimu unaposimama palepale. Punguza mwendo, endelea kusogea. La pili, tusihesabu mapigo tukidhani tunajua, kwa sababu wengi tuko kwenye dawa za kupunguza kasi ya moyo. Kipimo ni maneno: kama waweza kusema sentensi nzima bila kukata, uko sawa. Ukishindwa, punguza.

Binti wa Mwanza
Shikamooni wazee wangu. Naongea kwa niaba ya mama, ana 71. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia "kaa", nimesoma ya Mwalimu nimelia. Mama naye alikuwa analia bila sababu wiki za mwanzo, tukadhani ni maumivu, kumbe ni huzuni tu. Kutembea na jirani yake asubuhi ndiko kulikomrudisha.

Ila jamani kuna siku ya kusimamisha mazoezi. Tunampima uzito kila asubuhi kabla ya chai. Wiki ya tano uliongezeka kilo 3 kwa siku tatu, miguu imevimba, halali chali. Tulimkimbiza hospitali, wakakuta maji yamezunguka moyo. Kizunguzungu, kifua kubana, homa isiyoeleweka, msisubiri kliniki ya mwezi ujao. Na meno! Kabla ya kung'oa jino mwambieni daktari wa meno kwamba una valvu, kuna dawa ya kumeza kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Mbagala
Marahaba mwanangu, na usijilaumu, hata wangu walifanya kwa mapenzi. Mke wangu nimemsomea yote haya jana usiku. Ya maji kuzunguka moyo ilimtisha, ya korido ikamtuliza. Tumekubaliana mzani ununuliwe.

Nimerudi kliniki Alhamisi, wamenipima eko, ile picha ya moyo, valvu inafanya kazi vizuri. Kukimbia bado, labda tutazungumza baada ya mwaka. Kutembea kwa haraka ruksa. Nikampigia kiongozi wa klabu, akaniambia nyuma kabisa kuna kina mama watatu na mzee mmoja wa kisukari wanaotembea tu, nijiunge nao.

Leo Jumamosi nimetoka saa 12 kasoro. Nimewapasha moto wenzangu dakika 15 za Leicester, wakashangaa. Kule mbele wakaanzisha wimbo, sisi wa nyuma kazi yetu ni kuitikia. Kwenye kilima cha msikitini nilinyamaza, pumzi haikutosha. Tulipofika tambarare nikaitikia tena.