Ati "kadi hii ni ya watu wanaotumia"! Wamenikata 5,750 halafu wakanisemea hivyo mbele ya foleni

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka, naandika nikiwa nimesimama nje ya mlango wa benki yangu hapa Oginga Odinga Street, Kisumu. Sitawataja. Mnawajua. Wale wenye baridi ya kugandisha mbuta ndani ya benki, kaunta sita na moja tu ndiyo ina mtu. Hao hao.

Asubuhi nafungua stetimenti ya kadi ya mkopo nakuta ada ya mwaka 5,000, chini yake ushuru 750. Hakuna SMS, hakuna simu. Na ni hawa walionitafuta wenyewe! Walinipigia mpaka mke wangu akaanza kuuliza huyu Sharon wa kila siku ni nani. Chukua kadi, mwaka wa kwanza ni bure, kila shilingi 100 ni pointi moja, pointi utajinunulia vitu. Mwaka wa kwanza ukaisha, wakajikatia kimyakimya kama watu wako jikoni kwao.

Nikasema wacha niende niulize kwa adabu. Nimepanga foleni mpaka ndevu zikaota. Kufika mbele nikamwambia yule kijana: ndugu yangu, napitisha karibu elfu arobaini kwa mwezi kwa hii kadi, nalipa deni lote kabla ya tarehe, sijawahi kuwasumbua. Niondoleeni hii ada, ama mnionyeshe faida yake. Akabofya. Akaangalia skrini. Akaniangalia mimi, kuanzia viatu kwenda juu. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza mechi uwanja wa Moi: "Bosi, kadi hii ni ya watu wanaotumia."

Foleni yote ikageuka. Kuna mama alikuwa anahesabu pesa za chama, akaacha kuhesabu ili asikie vizuri.

WATU WANAOTUMIA! Kwani mimi nilikuwa nalipia petroli na majani ya mwarobaini?

Pointi zangu za mwaka mzima ni 4,800. Nikauliza ni pesa ngapi. Senti 25 kila moja. Yaani 1,200! Wanachukua 5,750 wananirudishia 1,200, na hata hiyo si pesa, ni vocha ya supamaketi moja tu, na vocha inatolewa ya elfu elfu, kwa hivyo ile 200 ikae hapo izeeke. Karo haihesabiwi. Stima haihesabiwi. Mama wa nyanya soko la Kibuye anataka M-Pesa. Mwenye duka la mbao anakwambia ukileta kadi anaongeza asilimia tatu. Sasa hao watu wanaotumia wanatumia wapi?

Nikapewa kipeperushi. Ati nina haki ya kukaa launji ya uwanja wa ndege Nairobi, na bima ya safari za ng'ambo. Nairobi naenda na basi la usiku! Ng'ambo ninayovuka ni kwa feri, Luanda K'Otieno mpaka Mbita! Hiyo launji nani aliiomba?

5,750 inauma, sitadanganya. Lakini ile sentensi imeingia mpaka kwenye mfupa. "Kadi hii ni ya watu wanaotumia." Mbele ya mama wa chama! Na alisema polepole, ili wa nyuma wasikose.

Nani hapa ana kadi ya pointi na anaona ada yake inalipa? Ama niikate na makasi leo?

BintiMilimani:
Omera pole sana. Lakini tuanze na jambo la msingi. Ulikuwa umevaa viatu gani?

FundiSimuKondele:
Elfu arobaini kwa mwezi na unalia? Mimi hiyo naiona kwa simu za watu wengine wakileta zitengenezwe.

Mhasibu_Mchungu:
Wacha nipige hesabu, nyinyi endeleeni kupiga kelele. Pointi moja kwa 100, senti 25 kwa pointi. Ili urudishe 5,750 lazima upitishe 2,300,000 kwa mwaka, karibu 192,000 kila mwezi. Na hapo hujapata faida, umerudi sifuri. Hiyo 750 si ya benki, ni ushuru wa serikali.
Tena una bahati unalipa deni lote. Kadi yangu mimi riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiacha 40,000 ikae mwezi mmoja tu, 1,400 imeenda, na pointi zako za mwaka mzima hazitoshi kuifidia. Na usithubutu kutoa kashi kwa ATM na kadi ya mkopo. Zile siku za bila riba ni za kununua vitu, kashi inaanza kula riba siku hiyo hiyo.
Kwa kifupi yule kijana hakukutukana. Alikusomea hesabu.

Mwenye uzi:
Hakunitukana? Ulikuwepo? Uliona alivyoangalia viatu? Hesabu husomwa na mtu akiinua sauti? Angeniambia "ndugu, kwa matumizi yako hii kadi haikufai, chukua ile isiyo na ada", ningemnunulia soda. Yeye akageukia foleni! "Watu wanaotumia"! Mama wa chama alitikisa kichwa, na sijui alikuwa upande gani!

BintiMilimani:
Upande wa kijana. Hujajibu swali la viatu.

MamaNyanyaKibuye:
Nimeona nimetajwa. Mwanangu, usinilaumu mimi. Hiyo mashine ya kadi walituletea pia sisi. Wanakata yao kwa kila mauzo, halafu pesa yenyewe unaambiwa itaingia kesho. Mimi saa kumi na moja asubuhi lori la nyanya limefika, mwenye kreti anataka pesa mkononi, atangoja kesho yangu? M-Pesa inaingia mteja akiwa bado anafunga mfuko. Njoo na simu, nitakuongezea nyanya mbili. Hizo ndizo pointi zangu.

FundiSimuKondele:
Mama amemaliza kesi. Nyanya mbili ni zaidi ya senti 25.

DadaWaMinnesota:
Jameni, huku Marekani watu wanalipa dola 95 kwa mwaka na wanafurahi, kwa sababu ukipewa kadi unapata pointi za mwanzo zinazotosha tiketi ya ndege. Lakini mjue zinatoka wapi. Mwenye duka anakatwa kama asilimia mbili au tatu ya unachonunua, na wewe unarudishiwa kipande cha hiyo. Ulaya sheria ya 2015 iliwazuia mabenki wasichukue zaidi ya asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu wa kawaida, ndiyo maana pointi za huko ni nyembamba. Kwa hivyo usilinganishe. Angalia nchi yako mwenye duka anakatwa ngapi na wewe unarudishiwa ngapi.

KijanaWaBondeni:
Dada, uzi ni wa Kisumu, umetuletea theluji.

MjombaKakamega:
Kijana, usiombe. Omba-omba ndiyo imekuletea hayo. Andika barua pepe, useme NAFUNGA kadi. Mimi nilifanya hivyo, wakanipigia wenyewe na ada ikafutwa. Wasipofuta, funga kweli. Lakini sikiliza vizuri: lipa mpaka senti ya mwisho, halafu dai barua ya kuthibitisha huna deni, na usitoke bila hiyo barua. Binamu yangu alikata kadi na makasi akadhani amemaliza. Alikuwa amebakisha shilingi mia tatu hivi. Kukata plastiki si kufunga akaunti! Ile mia tatu ikazaa, ikajukuu, akaja kushtuka yuko CRB, kule wanakoweka rekodi za wadaiwa, na amenyimwa mkopo wa ng'ombe. Ripoti yako ya CRB unapewa bure mara moja kwa mwaka, iombe baada ya kufunga uhakikishe.
Na kama unataka tu kulipia vitu vya mtandaoni vya nje, kuna ile kadi ya M-Pesa na Visa iliyotoka 2022. Inakata pesa yako mwenyewe kwa simu.

Mwenye uzi:
Asante mjomba. Hiyo barua naandika leo, na ile sentensi naiweka mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa.

KijanaWaBondeni:
Nyinyi mnalilia pointi za mwaka mmoja. Sisi watu wa Nakuru tulizikwa na pointi za ile supamaketi. Mnaijua, ile iliyokuwa kila mahali halafu ikaanza kupanga maji ya chupa kwa rafu zote ili isionekane tupu. Nilikuwa nimekusanya pointi za blenda. Nikasema ngoja nifikishe za blenda na jagi la ziada. Siku naenda kuchukua nakuta rafu nzima ni toileti pepa. Wiki inayofuata mlango una kufuli. Pointi zangu ziko wapi leo? Nani alikatwa ada hapo? Bora wewe umejibiwa na mtu, mimi nilijibiwa na kufuli.

MamaNyanyaKibuye:
Uuuwi! Hata mimi nilikuwa na za sufuria.

BintiMilimani:
Mimi nilichukua blenda kabla hawajafa. Bado iko. Tatizo siku hizi inanguruma na haizunguki, na inatoa harufu ya kuungua.

FundiSimuKondele:
Hiyo ni kaboni, ile ya ndani ya mota. Ilete Kondele, elfu moja.

KijanaWaBondeni:
Kaboni elfu moja?! Nakuru ni mia tatu, na fundi anakuwekea mafuta bure.

FundiSimuKondele:
Ya mia tatu inakufa ukisaga tangawizi. Wacha asage parachichi maisha yake yote.

Mwenye uzi:
Jamani, uzi ni wa kadi. Yule kijana aliniangalia viatu.

MjombaKakamega:
Fundi, unatengeneza na redio? Yangu inashika stesheni moja tu, na ni ya Uganda.

FundiSimuKondele:
Leta mjomba, tutaangalia. BintiMilimani, mia saba mwisho, na ubebe na jagi lake nijaribu mbele yako.

BintiMilimani:
Mia tano. Niko njiani.