Kila mwezi siku tano nataka kuacha kazi, halafu zinapita. Ni homoni au ni kazi yenyewe?

Mwali_wa_Sae

Habari zenu wakuu, na kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Mi ni mdada wa miaka 34, nakaa Mbeya, nafanya kwenye kampuni moja ya pembejeo (siitaji), kazi yangu ni kuzungukia mawakala. Nikitoka Mbeya napita Igurusi, Chimala, nalala Makambako, kesho yake Njombe, halafu nageuza narudi Makambako napandisha Mafinga mpaka Iringa mjini. Wiki nzima barabarani, na ni wiki ya mwisho ya mwezi kwa sababu ndo wanafunga mauzo.

Sasa shida. Siku tano sita kabla sijaingia MP, yaani hedhi, nakuwa mtu mwingine kabisa. Sisemi tumbo, tumbo nimelizoea tangu niko sekondari. Nasema hasira na machozi. Mwezi wa sita nimepanda kosta Makambako naenda Njombe, konda siti niliyolipia akamkalisha mtu mwingine, nikamtolea maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenikana, halafu nikakaa nyuma nikaanza kulia. Nililia mpaka mama mmoja alokuwa na kuku wawili kwenye ndoo akaniuliza mwanangu umefiwa? Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu nilishindwa nianzie wapi kumweleza. Wee! Akatangaza gari zima. Watu wakanipa pole, mzee mmoja akaomba sala, konda yuleyule niliyemtukana akanibebea begi mpaka kwa bajaji na hela hakuchukua. Nilitamani ardhi inimeze, maana sijafiwa na mtu.

Mwezi wa saba ikawa mbaya zaidi. Bosi kaandika kwenye grupu la WhatsApp la kazi "ripoti ya Njombe iko wapi", maneno matano tu, mi nikashusha gazeti zima kuhusu posho ya safari ambayo huwa inaingia baada ya safari, yaani gesti tunalipa wenyewe, nauli wenyewe, halafu unadai kama unaomba msaada. Usiku huo nipo gesti Njombe, mnajua baridi ya Njombe mwezi wa saba, blanketi moja jembamba kama kanga, saa saba usiku naandika barua ya kuacha kazi kwenye simu. Kilichoniokoa ni bando kuisha. Siku mbili baadaye nikaingia MP, nikaisoma ile barua nikaona kama kaandika mtu mwingine. Ila kinachonichanganya, nusu ya yaliyoandikwa mle ni ya kweli.

Naombeni kujua, huu ni ugonjwa au ni roho yangu tu mbaya? Nimwambie bosi (ni mwanaume) au nikae kimya? Duka la dawa Mwanjelwa wameniambia nikapime homoni zote, na kuna mtu huko Facebook anauza dawa ya kusawazisha homoni elfu themanini na tano. Na mnaosafiri sana mnafanyaje siku zenyewe, maana kuchimba dawa (kujisaidia) porini ukiwa kwenye siku zako ni mateso mengine.

Mgeni_njiani

Olewa uzae dada, hayo yote yanaisha.

mamaT_Mafinga

Wewe Mgeni nimezaa wanne na hayakuisha, sasa hivi nina 48 ndo kwanza yamebadilika sura. Nakoma hedhi, inakuja inaruka miezi miwili inarudi, na joto la ghafla, jamani. Mafinga hapa mwezi wa saba asubuhi nyasi zina barafu, mi saa nane usiku nafungua dirisha, baba watoto kajikunja na blanketi mbili na koti la mvua juu anauliza mke wangu nimekukosea nini.

Mwali, huna roho mbaya. Mi nimefanya biashara ya mbao miaka mingi, nasafiri kwenda kuuza Dar, na nilishawahi kuvunja biashara na mteja mzuri kabisa kwa sababu kaniita "mama mkwe" kwa utani siku isiyofaa. Hajarudi mpaka leo. Kwa hiyo nakuelewa.

Za safari nikupe nilizojifunza kwa shida. Pedi usiziweke kwenye begi linaloenda kwenye buti, hilo hutaliona mpaka ufike. Weka kwenye mkoba wa kupakata, pamoja na kitenge kimoja cheusi, chupa ya maji na bahasha za kaki. Mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku 2019 nilihangaika sana, mahali pa kufunga iliyotumika hapakuwepo, bahasha ya kaki ndo ikawa mkombozi, unaibeba mpaka penye pipa na hamna anayejua. Kitenge unajizungushia ukishuka kuchimba dawa, na usiende peke yako, ita mwanamke mwenzio kwenye gari hata kama humjui, hakuna atakayekukatalia.

Hiyo dawa ya elfu themanini na tano nunua viatu.

Konda_mstaafu

Nimecheka hapo kwa konda kubeba begi, hata mi ningebeba. Niongezee kwa upande wetu. Ukitaka gari isimame mwambie konda wakati unapanda, usisubiri mpaka umezidiwa, maana dereva akishabana ratiba kusimamisha gari kwa mtu mmoja anaona kama unamchomoa jino. Sema tu "nina tumbo, tukifika Chimala nitashuka". Hatuulizi zaidi. Omba siti za mbele karibu na mlango, utatoka wa kwanza na kurudi wa kwanza. Na ukienda Dar, kabla ya kushuka Kitonga hakikisha ushamaliza mambo yako yote, lori likikwama pale mlimani mnaweza kukaa masaa, na pembeni ni genge, huchimbi dawa unachimba kaburi.

nesi_wa_zamu

Mwali nimesoma nikaona niache kufua nijibu. Mi ni nesi, siyo daktari wako, kwa hiyo haya ni ya kukuelekeza tu.

Yai likishatoka, karibu katikati ya mzunguko, zile homoni mbili, projesteroni na estrojeni, zinakuwa juu, halafu siku chache kabla ya damu zinaporomoka. Ubongo wa baadhi ya wanawake unaliona hilo badiliko kuliko wa wengine, inagusa hata serotonini ambayo inahusika na hali ya moyo. Ndo maana hiyo "kapime homoni zote" haikusaidii sana, unaweza ukalipa hela nyingi, majibu yakatoka sawa kabisa, ukaondoka unajiona mwongo. Hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu hali yake ni ya kabla ya hedhi. Kinachotumika ni daftari. Kila usiku andika hasira, machozi, usingizi, kazi, kila kimoja weka namba kuanzia 0 mpaka 3, mizunguko miwili mfululizo. Namba zikipanda wiki ya mwisho kabla ya damu na kushuka siku mbili tatu damu ikishaanza, basi ni hedhi. Zikiwa juu mwezi mzima hiyo ni kitu kingine, inaweza kuwa sonona, nayo inatibika.

Vipimo ambavyo ningefanya mimi ni wingi wa damu, kama unatoka nyingi, na tezi ya shingo. Huku kwetu nyanda za juu goita imekuwepo tangu zamani kwa sababu udongo una upungufu wa madini joto, wazee wenu wengi mmewaona na shingo zile. Tezi ikienda mrama inavuruga hedhi na hali ya moyo pia. Na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango mwambie mhudumu, kuna wanaobadilika nayo.

Tumbo likiuma dawa ya maumivu ianze mapema, ukiwa umekula, usisubiri mpaka umejikunja. Kuna wachache ambao hali yao ni kali mno, ina jina lake kwenye vitabu vya magonjwa ya akili tangu 2013, na kuna dawa za sonona ambazo daktari anaweza kuwapa zile wiki mbili tu za mwisho wa mzunguko na zinasaidia. Siyo za kununua dirishani Mwanjelwa. Na ukifika mahali unawaza kujidhuru, hapo usisubiri daftari, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtu wa kukushika mkono.

Tunduma_Mpakani

Mi ni mhasibu, ya homoni siyajui, ila kuna hesabu hapa inanisumbua. Mzunguko wako ni siku ngapi? Kama ni 28, hauwezi kuangukia wiki ya mwisho kila mwezi, kwa sababu mwezi una siku 30 au 31, ukiacha wa pili. Kila mwezi utarudi nyuma siku mbili tatu, miezi michache tu ushatoka kabisa kwenye wiki ya safari. Sasa wewe unasema kila mwezi na unaelezea safari mbili. Labda ni hedhi, labda ni safari, na labda miezi hii miwili vimekutana njiani. Usimpe bosi wako sababu ya kusema "huyu ni homoni zake" wakati posho hamlipwi.

Kuhusu kumwambia. Kwetu likizo ya hedhi haipo kisheria. Kilichopo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni likizo ya ugonjwa, siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, lakini inataka cheti cha daktari. Hapa nilipo ukivuka kidogo tu kwenda Nakonde mambo ni mengine, Zambia mwanamke ana siku moja kila mwezi asiende kazini bila cheti na bila kujieleza, iko kwenye sheria yao ya ajira ya 2019. Wenyewe wanaiita siku ya akina mama hata kama huna mtoto. Sisi mwaka huohuo wa 2019 ndo tulirudisha kodi ya VAT kwenye pedi baada ya kuiondoa mwaka mmoja tu. Basi niishie hapo nisianze siasa.

Baba_wa_Tukuyu

Mke wangu tuliandika tarehe kwenye kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, kapenseli kadogo tu. Zile siku mi naosha vyombo, na habari ya kujenga kwa mama yangu siifungui. Mwaka wa nne huu. Ila siku moja nilikosea nikamwambia "aa kumbe ni zile siku zako", alikuwa ananiuliza hela ya ada imeenda wapi. Swali lilikuwa la halali kabisa. Nililala sebuleni na mvua ya Tukuyu inagonga bati usiku kucha. Wanaume msiseme hilo neno.

Mwali_wa_Sae

Nimerudi wakuu, mtanisamehe nilipotea. Nimejaza daftari tangu mwezi wa nane mwanzo, leo ni tarehe 28 mwezi wa tisa.

Mzunguko wangu ni 28 kweli, mhasibu ubarikiwe. Mwezi wa nane namba zilipanda tarehe 19 mpaka 23, nikiwa zangu Mbeya ofisini, nililia kwenye bajaji Kabwe kwa sababu redio ilipiga wimbo wa marehemu bibi. MP ikaja 24, tarehe 26 nikaanza safari mwepesi kama unyoya, konda wawili wamenizingua na sikujibu. Machozi sifuri safari nzima. Ila safu ya "kazi" nikakuta nimeandika 3 siku nne, zote kuhusu posho, na nilikuwa na akili zangu timamu. Mwezi huu tena hivyohivyo, zimepanda 16, zimeshuka 22.

Kwa hiyo machozi ni ya hedhi, ugomvi wa posho siyo. Nesi, nimepima, damu iko chini kidogo nimepewa vidonge vya madini chuma, tezi salama. Daktari kasema tuendelee na daftari kwa mzunguko wa tatu ndo tuamue kama natumia dawa.

Bosi sijamwambia habari ya hedhi na sidhani kama nitamwambia. Ile barua ya Njombe niliifungua tarehe 25 mwezi wa nane, nikafuta matusi, nikafuta "naacha kazi", ikabaki nusu ukurasa, nikaongeza risiti za gesti za miezi mitatu nikawapelekea yeye na mhasibu wetu. Kanijibu "tutaliangalia". Juzi kabla ya safari imeingia nusu. Nusu nyingine naifuatilia tarehe 2, nimeangalia kalenda, nitakuwa sawa.

Baba_wa_Tukuyu

Safi sana. Na yule mama wa kuku?

Mwali_wa_Sae

Usiniambie. Nimekutana naye stendi ya Makambako juzi, kanishika mkono kaniuliza matanga mlimaliza salama. Nikasema tulimaliza mama, asante. Kanipa mayai sita.