MGB yangu inakata kebo ya mafuta kila mara, na gereji wanachojua ni kubadilisha tu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo wasiopenda kelele wapite.

Nina MGB ya mwaka 1970, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi, injini ya cc 1798 na kabureta mbili (zile zinazochanganya mafuta na hewa) za kampuni ya SU. Naishi Oxford, Uingereza. Kiwanda kilichounda gari hizi kilikuwa Abingdon, hapa hapa jirani, kikafungwa mwaka 1980. Yaani kama kuna mahali duniani ambapo fundi hana kisingizio cha kutoijua MGB, ni huku. Na bado gari langu linakula kebo za mafuta kama mbuzi aliyeachiwa shambani.

Kebo yenyewe si kitu cha ajabu. Ni waya wa chuma uliosokotwa, unapita ndani ya ganda lake. Upande mmoja umenasa kwenye pedali, upande wa pili umebanwa kwenye mkono wa kabureta. Ukikanyaga unavuta, ukiachia springi inarudisha. Basi. Ikikatika, injini inabaki sailensa (mzunguko wa chini kabisa), unakanyaga mpaka chini na gari haliendi. Mimi imenikatikia kwenye barabara kuu ya A34, malori yamejipanga nyuma yangu, kila mmoja anapiga honi kana kwamba nimeamua kuegesha.

Na kukatika ni afadhali. Kabla haijakatika inaanza kunata. Unaachia mguu, injini inaendelea kunguruma, na mbele yako kuna mzunguko na basi la abiria. Hapo unakanyaga klachi, unazima swichi, unaomba Mungu. Wanaosema hilo ni jambo dogo la gari kuukuu waje waendeshe wao.

Sasa gereji. Jina silitaji. Wanajiita mabingwa wa magari ya zamani ya Kiingereza, ukutani picha za mashindano, ovaroli safi utadhani madaktari. Kila nikipeleka gari ni yale yale: kebo mpya, saa ya fundi, bili. Kebo haifiki bei ya sahani mbili za chipsi, saa ya fundi ndiyo inayoumiza. Nikiuliza kwa nini inakatika, jibu ni kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Jibu hilo limeniudhi kuliko bili yenyewe. MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zikatoka zaidi ya nusu milioni. Wenye magari hayo wote walikuwa wanayasukuma kila baada ya wiki kadhaa?

Baadaye wakasingizia spea. Hapo kuna ukweli kidogo, maana spea nyingi za siku hizi ni za kuigiza, kichwa cha kebo kimelehemiwa ovyo. Tukaweka ya bei kubwa. Ikakatika. Wakasingizia mguu wangu, eti nakanyaga kwa nguvu.

Hili la mguu ngoja nilijibu. Pedali inatakiwa igote chini kidogo kabla mkono wa kabureta haujafika mwisho wake. Ikiwa kinyume, uzito wote wa mguu unabebwa na kebo. Nilipochungulia, kabureta ilikuwa inafika mwisho huku pedali bado ina nafasi. Tena kile kishikio kinachobana waya kwenye kabureta kinatakiwa kizunguke chenyewe mkono unapopanda na kushuka. Chao kilikuwa kimekazwa mpaka hakitikisiki, kwa hiyo kila nikikanyaga waya unakunjwa pale pale, nyuzi zinakatika mmoja mmoja. Hayo yote ni kazi ya aliyefunga kebo. Mguu wangu unahusikaje?

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Kebo zilizotolewa nilikuwa natunza (walitaka kuzitupa, nikakataa), na zote ganda lake kwa ndani lilikuwa limeyeyuka, kwa nje limebadilika rangi. Wakasema ni joto la ekzosti. Ekzosti iko mbali na pale kebo ilipoungua!

Nikampigia mtoto wa mjomba wangu, fundi wa Land Rover pale Tanga. Nikamtumia picha. Hata hakuniuliza ni gari gani. "Kaka, mtu apige stata, wewe shika kebo. Inapata moto?"

Nikashika. Jamani, ilikuwa ya moto, na injini ilikuwa haijawaka bado.

"Basi hilo ni la umeme, kaka. Injini yako haina hasi."

Akanieleza. Injini imekaa juu ya mpira, haigusani na bodi. Stata inavuta umeme mwingi mno, unapita amperi mia, na umeme huo lazima urudi kwenye betri kupitia bodi. Kazi hiyo ni ya waya mmoja mnene unaounganisha injini na bodi. Ukiwa haushiki vizuri, umeme unatafuta njia nyingine yoyote ya chuma, na njia iliyopo ni kebo ya mafuta na ile ya choki. Waya mwembamba hivyo kupitishiwa mzigo wa stata, utaacha kuungua?

Nikachukua mita, ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye bodi, nikachomoa waya wa koili ili isiwake, mke wangu akapiga stata. Ilitakiwa isome chini ya nusu volti. Ilisoma zaidi ya mbili.

Nikaufuata ule waya mnene. Upo, umefungwa kwa bolti nzuri kabisa, juu ya rangi. Rangi mpya, nene, inang'aa. Na rangi hiyo walipaka wao! Bili ya kupaka rangi chumba cha injini ninayo hapa, na kebo ya kwanza ilikatika baada ya kazi hiyo.

Nimekwangua rangi mpaka chuma, nimefunga waya mpya, nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Mita imeshuka inavyotakiwa, stata inazungusha kwa nguvu sijawahi kuiona. Nimefunga kebo mpya mwenyewe, kishikio kinazunguka, pedali inagota chini kwanza. Nikipiga stata kebo ni ya baridi.

Nimewapigia gereji kudai hela yangu. Wamenijibu kwamba kila kebo waliyofunga ilikuwa inafanya kazi gari lilipotoka getini.

Wakuu mlioko Uingereza, sheria ya walaji ya 2015 inasema huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Nataka kuwaandikia barua rasmi, wakigoma niende mahakama ya madai madogo. Aliyewahi kudai gereji kwa njia hiyo anieleze: picha za kebo zilizoungua na bili zinatosha, au nitafute fundi mwingine aandike ripoti? Na wenye MG za zamani, hata kama hamna tatizo, shikeni kebo zenu wakati wa kupiga stata kisha mje mseme hapa.