Naomba ushauri: mashine ya tatuu ya mota au ya koili?

Ndugu wanachama, najifunza uchoraji wa tatuu hapa Nairobi na nataka kununua mashine yangu ya kwanza. Ya koili, inayoendeshwa na sumaku za umeme, ndiyo niliyofundishiwa: ni nzito, huvuma, na skrubu ya mguso (inayounganisha na kukata umeme) isipokaa sawasawa sindano hupiga kwa kusitasita, ingawa mistari yake hutoka imekolea vizuri. Ya mota ni nyepesi na tulivu, na nyingi hutumia katriji za sindano (vichwa vya kuchomeka vyenye sindano ndani) zinazotupwa baada ya kila mteja, jambo ninalolithamini mno. Hofu yangu kubwa ni makovu ya keloidi, yaani yanayovimba na kupita ukingo wa jeraha, ambayo ngozi nyeusi huyapata kwa urahisi zaidi inapojeruhiwa. Kwa anayechora mistari kuliko vivuli, mnapendekeza ipi, na kwa volti ngapi?