Massey 135 imetoka ovahoo, ikipata moto presha ya oili inashuka

Mkulima_Masasi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada mafundi na wenye matrekta ya zamani. Nina Massey Ferguson 135, ile yenye Perkins ya silinda tatu, mzee aliinunua ikiwa imeshachoka na yeye akaikamua mpaka ikawa inakunywa oili kuliko dizeli. Mwaka huu tulipomaliza kupuliza salfa kwenye mikorosho nikaamua iende ovahoo kabisa, slivu mpya, pistoni na ringi, krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) ikachongwa karakana moja huku huku kusini, beringi zote mpya. Pampu ya oili fundi akaiosha akarudisha ile ile, akasema bado nzima.

Sasa asubuhi ikiwa ya baridi mshale unapanda safi, ila ikishavuta trela kama nusu saa unaanza kushuka, ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila kuongezwa mafuta) unalala karibu na sifuri na ukiongeza mafuta unapanda kidogo halafu unagoma hapo. Haigongi, haitoi moshi, nguvu ipo. Fundi ananiambia injini mpya bado inajikaza, niitembelee tu itakaa sawa. Mvua za Desemba hizo hapo na watu washaanza kuniulizia kulimiwa, niitembelee au niiache?

Kijana_wa_Newala
Pole mkuu. Mwaga hiyo oili weka nzito, namba 50, halafu kwenye rilifu valvu ongeza washa moja (kile kipete cha chuma) nyuma ya springi. Mshale utasimama wenyewe.

FundiMzee_Nachi
Washa hapana kijana wangu. Rilifu valvu kazi yake ni kufunguka presha ikizidi, sasa kama presha haifiki hata kiwango cha kuifungua hiyo springi ukiikaza itasaidia nini? Itasaidia siku ile tu ambayo valvu yenyewe imeganda wazi kwa sababu kuna chembe ya chuma imebana, na hapo dawa ni kuisafisha siyo kuikaza. Na oili namba 50 asubuhi inachelewa kufika kwenye beringi na kwenye roka za valvu kule juu, unatibu geji unaua injini. Weka 15W-40 nzuri, nunua sehemu unayoiamini maana feki zimejaa.

Mkulima, hilo la "inajikaza" pia likatae. Zinazokaa kwa kutembea ni ringi. Beringi haijikazi, kila ikitembea nafasi inaongezeka. Pampu inasukuma oili tu, presha inatokana na ile oili kukosa pa kukimbilia, kama mpira wa maji, ukiwa na matundu mengi hata bomba lifunguliwe lote maji hayaruki. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inapita kwenye kila nafasi iliyozidi, ndiyo maana asubuhi unaona raha.

Kabla hujashika spana yoyote, hiyo geji ya dashibodi usiiamini. Bomba lake jembamba likiwa na uchafu inasoma uongo. Azima geji ya mkono, funga pale bomba linapotokea kwenye bloku, tembeza trekta mpaka ichemke kikazi kweli halafu soma ikiwa mwendo wa juu. Perkins hii inatakiwa isipungue paundi 30 (psi) ikiwa ya moto na mzunguko wa juu, na mpaka 60 ni kawaida. Sailensa ikishuka sana isikutishe, watu wengi wanafungua injini nzima kwa sababu ya namba ya sailensa.

Ikiwa chini ya 30, zima, shusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Huku kwetu tangu mradi wa karanga wa Mwingereza, miaka ya arobaini hiyo, watu wanafufua machuma, na hii ni injini rahisi usiiogope.

Mtu_wa_Lindi
Naongezea kitu kabla ya sampu. Vuta dipstiki uinuse. Kama oili imepanda juu ya alama na inanukia dizeli basi kipira cha ile lifti pampu pembeni ya injini kimetoboka, dizeli inashukia kwenye oili inakuwa nyepesi kama maji. Kubadilisha ni kazi ndogo sana. Na filta ifungue, kata ile karatasi uikunjue juani, ukiona unga wa rangi ya shaba beringi zinaliwa tayari.

Mkulima_Masasi
Ahsanteni sana, shikamoo mzee. Dipstiki iko kwenye alama na hainuki dizeli. Kwenye filta kuna vimng'aro vichache vyeupe, shaba sijaona. Geji ya mkono nimeazima kwa jamaa wa magari makubwa, ikiwa ya moto mwendo wa juu inasoma 20, haivuki. Na mshale hauchezi, umetulia.

FundiMzee_Nachi
Marahaba. 20 ni ndogo, usiilimie. Kutulia ni habari njema, ingekuwa inavuta hewa kwenye bomba la kunyonyea mshale ungekuwa unarukaruka na oili ingetoka na povu, ila hiyo jointi ikague hivyo hivyo. Hivyo vyeupe inaweza kuwa vya ringi na slivu mpya au kuna beringi imeanza kukwanguka, tutajua huko ndani.

Ukishusha sampu pampu utaiona mbele, imefungwa kwenye kepu (kifuniko) ya men beringi namba moja, zile beringi kubwa zinazoshika krenki. Mimi namshuku huyo kwanza, injini yote mpya halafu pampu ya zamani imeoshwa tu! Ifungue kifuniko, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya bodi, pitisha fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya rula na rota inayozunguka ndani. Ikiingia zaidi ya thau 3 (sehemu tatu za elfu za inchi) imekula, na kifuniko chenyewe kikiwa na duara lililochimbika ndani pampu hiyo haifai. Rilifu valvu iko hapo hapo, pistoni yake iteleze kwa kidole bila kukwama.

Pampu ikiwa nzima fungua kepu moja ya men na moja ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki), geuza beringi usome mgongoni. Krenki iliyochongwa thau 20 inataka beringi ya 020, siyo 010, na karakana ikishakosea vipimo hakuna pampu itakayokuokoa. Kepu usizichanganye, kila moja irudi mahali pake na upande wake ule ule.