Nimelipa dola 60 "kuprogramu" sensa za tairi, nimekuta bomba la choo ndani ya buti

Wandugu wa Lubumbashi, nisomeni hadi mwisho kabla hamjaniambia nipoe. Nimejaribu kupoa siku tatu, imeshindikana.

Gari langu ni Toyota iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ikazunguka Dubai, ikaingilia mpaka wa Kasumbalesa kama nyingi zetu. Nina shamba la mahindi ndani kidogo ya barabara ya Kasenga, na anayeijua njia ile ya udongo mwekundu mwezi wa pili hataniuliza kwa nini nabadilisha tairi. Kipwa, yaani kiangazi, natembelea tairi za lami. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, navalisha seti nyingine yenye meno, pamoja na janti (rimu) zake.

Seti hiyo ya meno niliinunua Novemba iliyopita kwa muuzaji wa vitu vya okazyo, vilivyokwisha kutumika, kutoka Ulaya. Janti safi, mpira bado mzito, na ndani, akaniapia, sensa za upepo zimo zote nne, vile vidude vya kwenye valvu vinavyopima upepo na kuliambia gari. Nikamuuliza kama zitaelewana na gari langu. "Papa, sensa ni sensa." Nikalipa. Hilo ni kosa langu, nalikubali, msinirudishie huko chini.

Kufunga tu, taa ya njano ikaanza, ile ya kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati. Ilikonyeza kama dakika nzima, halafu ikaganda inawaka. Asubuhi ya pili vilevile. Kumbe kukonyeza kule ni lugha: taa ikiwaka moja kwa moja bila kukonyeza, kuna tairi imepungua upepo, ikikonyeza kwanza ndipo igande, gari linasema halisikii sensa. Lisingesikia hata ningengoja miaka. Sensa hizi zinazungumza kwa redio, na za magari ya Marekani kama langu ziko megahezi 315, wakati za Ulaya ziko 433. Tairi zangu mpya zilikuwa zinapiga kelele kwenye stesheni ambayo gari halina. Na hata kama stesheni ingekuwa moja, kila sensa ina namba yake, gari langu linahifadhi namba nne tu, na kwa gari kama langu lazima mtu aje na skana, achomeke chini ya usukani, aandike namba mpya. Hayo yote nimeyajua juzi. Novemba nilijua kitu kimoja tu, kwamba taa inaniudhi.

Nikaenda garaji moja, jina sitaji, wao wenyewe wakisoma watajijua. Fundi mkuu akatazama dashibodi, akatikisa kichwa kama daktari. "Hii ni kazi ya programu, papa. Leta na zile tairi zako za zamani, tutahitaji kusoma kaptere (sensa) zake. Dola 60." Nikaziacha tairi nne za kipwa pale, na gari pia, siku mbili. Niliporudi taa ilikuwa imezimika. Nikawasha, nikazima, nikawasha tena: kimya. Nilimpa kijana aliyeosha kioo franka 5,000 kwa furaha. Masika yote nilikuwa nawasifia watu hawa kwenye kila msiba na kila harusi.

Mwezi wa tano nikarudisha tairi za kipwa kwa kwado wangu, fundi wa tairi wa mtaa wa Kenya hapahapa mjini, kijana mwenye kompresa moja na adabu nyingi. Akaanza kujaza upepo, akasimama. "Papa, hizi valvu ni za mpira. Za chuma zilienda wapi?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba garaji walinibadilishia, wale wanajua kazi. Akanyamaza, akamaliza, akachukua pesa yake. Nikikumbuka ule unyamavu wake natamani ardhi ipasuke.

Mwezi wa sita ukaja na baridi yake. Mnaijua ile asubuhi ya Lubumbashi unapovaa koti la kwenda Ulaya ili ufike kwenye gari tu, halafu saa nane mchana unatafuta kivuli. Joto likishuka nyuzi 10, tairi inapoteza karibu kilo 0.1 ya upepo (kilo ni kama baa moja) bila msumari wowote, na tairi yenyewe huvuja kidogo kidogo kila mwezi. Jirani yangu taa yake iliwaka wiki ile, akaja kunililia uani. Mimi nikamwambia nendeni kwa watu wangu, mimi yangu haijawaka hata siku moja. Haijawaka hata siku moja! Nilisema kwa sauti, wandugu, na wala sikujiuliza kwa nini.

Jumamosi iliyopita narudi kutoka Likasi. Nimepita peaji, pale pa kulipia barabara, barabara nzuri, nakimbia kama mia hivi. Usukani ukaanza kuvuta kulia. Nikadhani ni upepo wa malori. Dakika chache baadaye nikasikia harufu ya mpira ulioungua, nyuma pakaanza kuyumba, nikashuka pembeni nikiwa nimeshikilia usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia ng'ombe. Tairi ya nyuma kulia ilikuwa imelala kabisa, ubavu umechanika mduara mzima. Dashibodi? Safi. Hakuna taa hata moja.

Nikafungua buti kutafuta jeki. Kuinua kapeti, pembeni ya jeki, nakuta kitu kimefungwa kwa kitambaa na waya. Nikafungua. Bomba. Bomba la plastiki la kijivu, lile la maji ya choo, urefu wa mkono hadi kiwiko, limezibwa huku na huku kwa vifuniko vya gundi, na kwenye kifuniko kimoja imetobolewa valvu ya tairi. Nikalitikisa. Ndani kuna vitu vinagongana, kacha-kacha.

Nyumbani nikalipima kwa geji: kilo 3, imara. Ndipo nikalikata kwa msumeno (kwanza nilitoa upepo, msije mkalipua vidole). Zikaanguka mezani sensa nne na mabua yake ya chuma. Sensa zangu. Zile za asili, za tairi za kipwa.

Mmeelewa walichofanya? Walizing'oa kwenye tairi zangu nzuri, wakazitumbukiza ndani ya bomba, wakajaza upepo kuzidi unaotakiwa, wakaficha chini ya kapeti. Sensa za gari langu zinatuma habari hata zisipozunguka. Kwa hiyo tangu Novemba gari limekuwa likisikiliza bomba. Bomba linasema kilo 3, kila kitu salama. Tairi inakufa nje, bomba linasema salama. Joto lipande, lishuke, msumari uingie, bomba salama salmini. Na nilitembea hivyo na watoto nyuma, kwenda na kurudi Likasi, mara ngapi sijui.

Nilirudi kwao Jumatatu, bomba mkononi. Fundi mkuu hakukana. Hakuona hata aibu. "Papa, ulikuja kusema taa inakusumbua. Ulitaka izime. Tumeizima." Nikamwambia mimi nilikuja ili gari lisikie tairi. Akasema hilo sikulisema. Pesa hakurudisha, ati bomba na gundi nazo zina bei!

Kwado wa Kenya alipoifungua ile tairi iliyokufa alinionyesha ndani: unga mweusi, kikombe kizima, mpira uliosagika. Tairi ikiwa na upepo mdogo ubavu unakunjika kila mzunguko, unapata joto, unajisaga wenyewe, halafu unafunguka. Akamimina ule unga kwenye kiganja changu. Ndicho kitu ambacho ile taa ipo kukizuia. Wamarekani walitunga sheria mwaka 2000 baada ya watu kufa kwa tairi zilizochanika barabarani, na tangu Septemba 2007 kila gari jipya dogo la kwao linatoka na mfumo huu. Ulaya wakafuata, magari madogo mapya yote ya abiria tangu Novemba 2014. Sisi tunayapokea yakiwa na taa hiyo, halafu tunatafuta mtu wa kuifunga mdomo.

Na kazi yenyewe ilikuwa inawezekana! Kuna sensa za kuandikwa. Fundi anasogeza kifaa karibu na tairi ya zamani, kinasoma namba ya sensa iliyomo, anaandika namba ileile kwenye sensa mpya ya megahezi 315, anaifunga kwenye janti ya masika. Gari halijui kama umebadilisha kitu. Kipwa na masika namba ni zilezile, hakuna cha skana kila msimu. Sharti moja tu, seti mbili zisikae karibu na gari pamoja, maana zitajibizana. Na sensa haina betri ya kubadilisha, imefungwa ndani kwa gundi, huishi miaka kati ya mitano na kumi hivi kisha unatupa nzima. Zangu huenda zilikuwa zinaelekea kuisha. Wangeniambia hivyo, ningenunua nne mpya, tungeachana tukiwa marafiki.

Wenye magari yasiyo na sensa ndani, yale yanayohesabu mzunguko wa tairi kwa kutumia ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kukwama), ninyi mnajaza upepo na kubonyeza kitufe, basi. Mkilipishwa dola kwa kitufe fungueni uzi wenu, nitakuja kulia nanyi.

Kwa sasa natembea na tairi tatu zangu na spea, napima kwa geji kila asubuhi kabla ya chai, kilo mbili na pointi mbili kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Ninachouliza: nani hapa L'shi anayo sensa za kuandikwa za 315, na kifaa chenyewe, na yuko tayari kufanya kazi mimi nikiwa nimesimama pale naangalia? Na awe anajua kubandua tairi kuanzia upande ulio mbali na valvu, maana chuma cha kwado kikiteleza pale sensa inavunjika kama biskuti.

Wengine mliowahi "kuprogramiwa" mjini hapa, inueni kapeti ya buti leo. Jirani yangu ameinua jana usiku kwa tochi ya simu. Yake haina kitu. Taa yake ya mwezi wa sita ilikuwa inasema kweli, tairi ya mbele kushoto ina kilo moja na nusu.